Mzee Anaposahau: Kutambua Aina ya Demensia, Kuipima na Kumtunza Mgonjwa Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Makambako mpaka Kyela, mzee akianza kusahau familia huwa na majibu mawili mkononi: "uzee huo" au "kuna mtu kamchezea". Jibu la kwanza linamwacha mzee ndani bila matibabu. La pili linatafuta wa kulaumiwa, na mara nyingi anayelaumiwa ni bibi mwingine wa jirani asiye na mtetezi. Nimeandika haya kwa ajili ya yule anayeishi na mzee: binti aliyerudi kijijini kumuuguza mama, mjukuu anayelala chumba kimoja na babu, mkwe aliyeachiwa kazi hiyo bila kuulizwa.

Demensia si ugonjwa mmoja. Ni kundi la magonjwa yanayoharibu ubongo mpaka mtu anashindwa kuendesha maisha yake ya kila siku. Kumbukumbu huguswa, lakini pia lugha, maamuzi, tabia na hata mwendo. Wala si sehemu ya kuzeeka. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta takriban watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana demensia. Wale 94 wamezeeka na akili zao wanazo. Kujua aina kuna faida kubwa, kwa sababu dawa inayomtuliza mgonjwa wa aina moja inaweza kumuua wa aina nyingine, na yako matatizo yanayofanana na demensia ambayo yanatibika kabisa.

Hatua ya 1: Angalia kasi kabla ya kitu kingine

Demensia huja kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa timamu kanisani Jumapili, na Jumatano hajui yuko wapi, anaongea ovyo au analala mchana kutwa, huyo ni mgonjwa wa dharura. Huenda ni nimonia, malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari iliyoshuka au kupanda sana, au upungufu wa maji. Huku kwetu hilo la maji tulipe uzito, maana baridi ya Juni na Julai inawafanya wazee washinde na kikombe kimoja cha chai. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tayari mnajua ana demensia, kwa sababu mwenye demensia ndiye anayevurugika haraka zaidi akipata maambukizi.

Uliza pia kama ameanguka. Mzee anaweza kuteleza kwenye tope, akagonga kichwa, akainuka akacheka. Wiki tatu baadaye anaanza kuchanganyikiwa na kusinzia, kwa sababu damu imekuwa ikivuja polepole chini ya fuvu. Hilo linaonekana kwenye CT scan, ile picha ya kichwa inayopigwa kwa mashine, na mara nyingi linatibika kwa upasuaji.

Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea ghafla, maneno yakikatika, hicho ni kiharusi, usisubiri kupambazuke.

Na jiko la mkaa lisilale ndani na mtu. Najua Makete na Njombe baridi inatoboa mfupa, lakini moshi usioonekana wa mkaa unaua, na anayenusurika anaweza kubaki na kumbukumbu mbovu. Mablanketi mawili zaidi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa vinatosha.

Hatua ya 2: Fungua daftari

Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote, na hakuna mashine inayokishinda. Daktari anakaa na mzee dakika kumi, wewe unakaa naye mwaka. Nunua daftari la shule na uandike mambo matatu: kilichoanza kwanza ni kipi, kilianza lini, na tangu hapo kimeendaje.

Tarehe zikikushinda, tumia matukio. Ilikuwa kabla au baada ya msiba wa shangazi? Mahindi yalikuwa yamevunwa? Ni mwaka wa uchaguzi? Usiandike "amechanganyikiwa", maana neno hilo halimsaidii daktari. Andika ulichokiona:

"Jumanne. Ameuza parachichi kwa wakala, akahesabu hela mara tatu, akanipa mimi nihesabu. Zamani alikuwa anawahesabia jirani zake."

"Ijumaa. Ameweka chumvi kwenye chai. Nilipomwambia alikasirika, akasema nimebadilisha makopo makusudi."

"Usiku. Amesema watoto wawili wamekaa juu ya kabati. Hakuogopa, alitaka wapewe chakula."

Maandishi kama hayo yanaweza kuelekeza njia tofauti, kama utakavyoona mbele. Waulize na wengine. Mjukuu anayelala naye anajua habari za usiku. Muuza duka anajua nani anarudi mara ya pili kununua sabuni ileile. Usiwategemee sana ndugu walioko Dar es Salaam. Wanapiga simu Jumapili, mama anawaitikia vizuri kwa dakika tano, wanakata na kusema, "Mbona mama yuko sawa tu? Nyie mnamsingizia." Watu wenye demensia ya mwanzo wanajua sana kujikaza mbele ya wageni na kwenye simu.

Pima uwezo kwa kazi alizozoea, si kwa elimu ambayo hakuipata. Bibi ambaye hakwenda shule asiulizwe kuandika sentensi wala kutoa saba kutoka mia. Muulize leo siku gani na mwenyekiti wa kijiji ni nani. Mwambie ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Mtajie maneno machache, ongeeni mengine, kisha umwambie ayarudie. Mpangie njiti za kiberiti kwa umbo fulani, naye apange vilevile. Kipimo kiitwacho IDEA, kilichotengenezwa Tanzania kwa ajili ya wazee wasiosoma, kinatumia maswali ya namna hii, na daktari au muuguzi anaweza kukifanya kwa dakika chache. Sharti ni kuuliza kwa lugha anayoiota. Mzee wa Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe au Kikinga akiulizwa kwa Kiswahili cha ofisini ataonekana mgonjwa kuliko alivyo, kwa hiyo nenda na mtu wa kutafsiri.

Hatua ya 3: Tazama daftari linaelekea aina ipi

Wewe si daktari na hutatoa hukumu ya mwisho. Lakini ukijua sura za magonjwa haya utajua la kumwambia.

*Alzheimer* ndiyo inayoongoza. Shirika la Afya Duniani linaikadiria kuwa asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Huanza kwa kusahau mambo ya karibuni, huku ya zamani yakibaki wazi. Anakusimulia harusi yake ya Tukuyu mpaka jina la mpiga ngoma, lakini hakumbuki kama amekula. Anauliza swali lile lile. Anaficha pesa, akizikosa anasema zimeibwa. Baadaye anapotea njia aliyoipita maisha yake yote. Inashuka polepole kiasi kwamba familia inagundua ikiwa imekwenda mbali.

*Demensia ya mishipa ya damu* inashuka kwa ngazi. Mzee anakaa vilevile miezi kadhaa, ghafla anaporomoka, anatulia tena, anaporomoka tena. Nyuma yake utakuta presha ya miaka mingi, sukari, sigara au kiharusi, kikubwa au vidogo vidogo ambavyo hakuna aliyeviona. Anafikiri taratibu, anashindwa kupanga mambo, na hisia zake ziko juu, analia au kucheka bila sababu. Hii ndiyo aina ambayo familia inaweza kuipunguza kasi, kwa kuhakikisha dawa za presha zinamezwa kila siku. Siyo zile siku za kuumwa kichwa tu! Presha haiumi.

*Demensia ya Lewy* nitaisemea zaidi, kwa sababu ndiyo inayoletea wazee matusi ya uchawi. Mgonjwa anaona watu, watoto au wanyama ambao hawapo, na anawaeleza kwa undani mpaka rangi ya nguo. Leo yuko timamu kabisa, kesho kama ametoka usingizini, keshokutwa timamu tena, na ndugu wanaanza kusema anaigiza. Anatembea kwa hatua fupi za kuburuta, mwili unakakamaa, anaanguka. Ukimuuliza mkewe, atakwambia kwamba miaka mingi kabla ya haya mzee alikuwa akipiga mateke na ngumi usingizini kama anayepigana. Kumbukumbu mwanzoni inaweza kuwa nzuri tu. Sasa mchanganye mtu huyu na kijiji chenye hofu: anasema amewaona waliokufa, usiku anakutwa nje ya nyumba ya jirani. Hapo familia iwahi kumweleza balozi, mwenyekiti wa kitongoji na mchungaji au shehe kwamba huyu ni mgonjwa na ana cheti cha hospitali, kabla maneno hayajasambaa kilabuni.

*Demensia ya sehemu ya mbele ya ubongo* huwashika hata wa miaka 45 hadi 65. Kumbukumbu iko sawa, tabia ndiyo inayoharibika. Mwalimu aliyeheshimika anatukana hadharani, anachukua vitu dukani bila kulipa, hana huruma kwa mke anayeumwa, anakula vitu vitamu bila kipimo. Wengine wanaanza kwa kupoteza maneno. Hawa wanaishia kufukuzwa kazi au kupewa talaka kabla hawajafika hospitali.

Pombe nayo ipo. Anayeishi kwa ulanzi au komoni na chakula kidogo hukosa vitamini B1, na ubongo unaumia. Akiwa anayumba bila kunywa, macho yanachezacheza na amechanganyikiwa, apelekwe haraka achomwe sindano za vitamini hiyo. Ikichelewa kumbukumbu haitarudi.

Na kuna mchanganyiko. Wazee wengi sana wana Alzheimer na mishipa kwa pamoja, kwa hiyo usishangae daftari likikataa kukaa kwenye kundi moja.

Hatua ya 4: Nenda hospitali, na uende umejiandaa

Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kisha uombe rufaa ya hospitali ya mkoa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Mwenye miaka 60 na zaidi ni mzee kisera. Ulizia dirisha la wazee na msamaha wa gharama, na beba kitambulisho chake. Beba daftari. Beba dawa zote anazotumia kwenye mfuko mmoja, pamoja na za mitishamba na zile za duka la dawa baridi.

Huo mfuko una siri nyingi. Piriton anayopewa mzee ili alale, amitriptyline ya ganzi za miguu, Valium, vyote vinaweza kumvuruga akili mtu wa miaka 75. Nikiambiwa mzee fulani amechanganyikiwa, swali langu la kwanza ni anameza nini. Usimwachishe Valium au amitriptyline ghafla, mwonyeshe daktari apunguze yeye.

Ukishakaa mbele ya daktari, usimwage aibu za mzee akiwa anasikiliza. "Daktari, shikamoo. Naomba nizungumze nawe kidogo pembeni kuhusu baba," inatosha.

Vipimo vya kuulizia vingi ni vya kawaida: presha, sukari, wingi wa damu, figo, mkojo, kaswende na VVU. Hivyo viwili vya mwisho watu wanaona haya kuvitaja kwa mzee. Waache haya. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye kiwango cha juu cha VVU nchini, na virusi hivyo vyenyewe vinaweza kupunguza kasi ya kufikiri. Mtu akitumia ARV vizuri hali hiyo huweza kutulia. Kaswende ya zamani ambayo haikutibiwa hupanda kwenye ubongo pia.

Tezi ya shingo ipimwe. Nyanda hizi zina historia ndefu ya rovu kwa upungufu wa madini joto, na tezi ikilegea mtu anakuwa mzito, anasikia baridi kuliko wenzake, sauti inakwaruza, choo kinafunga na anasahau. Vidonge vinamrudisha. Vitamini B12 nayo, hasa kwa mgonjwa wa sukari aliyetumia metformin miaka mingi. Kwa wanaofuga nguruwe wa kuzurura, minyoo tegu inaweza kuweka vifuko kwenye ubongo. Ukiona kifafa kimeanza ukubwani pamoja na kuumwa kichwa na kusahau, mtajie daktari. Mwisho kuna sonona. Mjane aliyepoteza hamu ya kula na kuongea anaweza kuonekana amepoteza akili. Ukimuuliza kitu atajibu "sijui" bila kujaribu, ilhali wa Alzheimer atajaribu na kukosea.

CT scan haionyeshi "demensia" kama picha ya mfupa uliovunjika. Kazi yake ni kutafuta damu iliyovuja, viharusi vya kimya, uvimbe, vifuko vya tegu, au maji yaliyojaa kichwani. Hayo maji huja na dalili tatu pamoja: miguu kama imegandishwa sakafuni, mkojo kutoka bila kujua, na kusahau. Ikirudi safi haina maana mzee mzima.

Hatua ya 5: Dawa, na ile sindano

Hakuna dawa inayoponya Alzheimer, mishipa au Lewy. Donepezil na rivastigmine humsaidia mgonjwa wa Alzheimer na wa Lewy kwa kiasi fulani na kwa muda. Memantine hutumika ugonjwa ukishapiga hatua. Hazipatikani kila duka, zinaweza kuleta kichefuchefu, kuharisha na mapigo ya moyo ya taratibu, na familia inabidi ipime kama faida inayoonekana inalingana na gharama ya kila mwezi. Mimi ningeanza kutumia hela kwenye presha, miwani na masikio. Ripoti ya jarida la The Lancet ya mwaka 2024 ilihesabu vihatarishi 14 vya demensia vinavyoweza kurekebishwa, na usikivu hafifu ulikuwa miongoni mwake. Wakati mwingine nta ikisafishwa tu masikioni, mzee anarudi kwenye mazungumzo.

Sasa sindano. Mzee akisumbua usiku ni rahisi kuchomwa haloperidol au Largactil "atulie". Kwa mgonjwa wa Lewy dawa hizi zinaweza kumkakamaza, kumlaza kabisa na hata kumuua. Kwa demensia yoyote zinaongeza hatari ya kiharusi na kifo, hivyo hubaki za mwisho, kwa dozi ndogo na muda mfupi. Andika kwa wino mwekundu kwenye jalada la daftari: "Anaona watu wasiokuwepo, anatembea kwa kuburuta. Tafadhali msimpe haloperidol kabla ya kuongea na daktari wake." Kila zamu ya wauguzi ione.

Hatua ya 6: Nyumbani

Usibishane naye. Bibi anasema, "Nirudishe nyumbani, mama ananisubiri." Mama yake alifariki zamani. Ukimwambia "mama yako alikufa", analia kama ndiyo anasikia leo, na kesho utampa msiba huo tena. Jaribu hivi:

"Bibi, mama alikuwa anapika nini siku za mvua?"

"Ndizi. Na maharage."

"Twende basi tukamenye ndizi."

Na mnakwenda kumenya ndizi kweli. Mpe kazi ya mikono aliyoizoea, kuchambua maharage, kusuka mkeka, kukunja nguo, hata kama utairudia baadaye akiwa amelala. Akiona watu kwenye kabati usimwambie yuko peke yake, wala usijifanye nawe unawaona. "Mimi siwaoni, ila nipo hapa nawe." Kisha washa taa, ondoa koti lililoning'inia mlangoni.

Siku iwe na saa zake. Kuamka, uji, jua la asubuhi uani, chakula, kuoga mchana kukiwa na joto. Wengi huvurugika jioni jua likizama, kwa hiyo mambo mazito yaishe kabla ya saa kumi. Maji apewe kikombe kidogo kidogo, maana hatakumbuka kiu.

Kutoka na kupotea ndilo linalotisha zaidi, ukifikiria barabara kuu ya malori pale Uyole au Mafinga, au migomba ya Rungwe ambayo mtu akiingia haonekani. Shona namba ya simu ndani ya koti lake au pindo la kitenge. Weka komeo juu sana au chini kabisa ya mlango, mahali ambapo hajazoea kutazama, ila asifungiwe ndani peke yake. Moto ukitokea hatoki. Wajulishe bodaboda wa kijiweni. Picha yake ya karibuni iwe kwenye simu yako. Viberiti, dawa ya kupulizia shambani na panga viwekwe mbali.

Hatua ya 7: Shamba, pesa na saini

Fanyeni mapema, akiwa bado anaelewa anachokubali. Itisheni kikao cha ukoo, awepo mwanasheria au msaidizi wa kisheria, aseme mwenyewe nani asimamie shamba na akaunti, na iandikwe. Dole gumba la mzee ambaye hajui leo ni siku gani ni kesi ya miaka kumi. Namba ya siri ya simu asiwe anamtajia wakala. Mara nyingi anayemaliza hela zake si mgeni, ni mpwa anayemtembelea akiwa peke yake.

Hatua ya 8: Anayemuuguza

Mwishoni mzee atasahau hata kumeza. Mkalishe wima, uji mzito ni salama kuliko maji matupu, kijiko kidogo, usimlishe akiwa amelala; akipaliwa mara kwa mara au akipata homa baada ya kula, kamwone daktari. Mgeuze kila baada ya saa mbili asipate vidonda.

Kazi hii haiwezi kubebwa na binti mmoja. Gawaneni kwa maandishi kwenye kikao kile kile cha ukoo: nani anatuma hela tarehe gani, nani anampeleka kliniki, nani analala naye Jumamosi. Wale wa simu ya Jumapili, wakija Krismasi, wasilale nyumba ya wageni mjini. Waingie zamu ya usiku wiki nzima, wao wenyewe, na daftari waandike wao.